Mzee Ahamaye Nyumba Yake na Vilivyomo Ndani



Mtu aliyefikia uzee hupata siku ya kuhama. Mkewe amefariki, watoto wametawanyika, ngazi za nyumba ya mawe ya Lamu zamshinda magoti, na mwanawe aliye Mombasa amemtengea chumba kimoja. Chumba kina nafasi ya kitanda, msala na kasha moja. Basi huanza kazi ya kupunguza: makasha ya msaji, masinia, mabuli, majamvi, sahani za sini zilizokaa zidakani tangu siku za babu. Na wengi huianza kazi hii kwa kujiuliza, “Nichukue kipi?” Swali la kwanza si hilo. Swali la kwanza ni, “Kipi humu si changu?”

Mtume (s.a.w.) alipohama Makka mwaka 622, maadui walikuwa wamekula njama ya kumwua. Nyumbani kwake mlikuwa na amana za watu, nao walikuwamo waliomkadhibisha, kwani hata hao hawakuona mwaminifu kuliko yeye. Hakuzichukua, wala hakuziacha zipotee. Alimwacha nyuma Ali bin Abi Talib, naye akakaa siku tatu mpaka kila mwenye chake akarudishiwa, ndipo akamfuata. Ikiwa aliyehama kwa kuokoa roho hakusahau haki za watu, ahamaye kwa gari, mchana, na wajukuu wakimbebea vyombo, ana udhuru gani?

Basi kasha na lifunguliwe polepole. Huenda mna bangili za jirani aliyesafiri zamani akaziacha zitunzwe. Huenda mna rehani ambayo deni lake lilikwisha kulipwa na mwenyewe hakuja kuitwaa. Na vitabu vimo. Hapa huteleza khasa wale wapendao elimu: kitabu cha fiqhi kilichoazimwa msikitini kwa wiki moja kimekaa miaka arobaini, na ukurasa wa kwanza umeandikwa kuwa ni wakfu. Wakfu hauuzwi, hapewi mtu, wala haurithiwi. Na urudishwe ulikotoka. Na ikiwa msikiti wenyewe haupo tena, aulizwe kadhi.

Tena vimo vyombo vya mke aliyefariki. Mume amevitumia miaka mingi akavihesabu kuwa ni vyake, na hali ni urithi uliopasa kugawanywa siku zile: fungu lake yeye ni robo ikiwa marehemu ameacha mtoto, na nusu ikiwa hakuacha. Dhahabu ya marehemu iliyofungwa kitambaani si ya kupewa binti mmoja kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu.

Kilichobaki ni chake. Akipenda na auze, akipenda na atoe. Lakini iko desturi moja ya aibu: kizuri huenda kwa mnunuzi wa vitu vya kale, na jamvi lililoliwa na mchwa hupelekwa msikitini, kisha mtoaji hungoja thawabu. Mwenyezi Mungu amekataza, katika Sura ya Al-Baqara, kukusudia kilicho kibaya ili ndicho kitolewe. Msikiti si jaa. Abu Talha, mwenye mitende mingi Madina, alipotaka kutoa alitoa Bairuha, shamba alilolipenda kuliko mali yake yote. Na Mtume akamwelekeza aligawe kwa jamaa zake.

Na agawapo kwa wanawe, awe na mizani. Babake Nuuman bin Bashir alimpa mwanawe huyo zawadi, akamwendea Mtume awe shahidi. Mtume akamwuliza kama amewapa wanawe wengine mfano wake. Alipojibu kuwa hakuwapa, Mtume hakukubali kushuhudia. Wanazuoni wa Kishafi wanasema kumpendelea mmoja bila ya haja ni makuruhu, na wako waliosema ni haramu. Mtoto aliyempokea babake anastahili shukrani. Lakini akipewa kitu, na kiwe mbele ya nduguze, si kwa kunong’onezwa usiku.

Wala ulimi peke yake hautoshi. Wazee husema, “Kasha hili ni la fulani nikifa,” kisha wakahama nalo. Hiyo si hiba, ni wasia. Na wasia kwa mrithi hausimami ila warithi wengine wakiridhia. Hiba hutimia kwa kukabidhi. Abubakari Siddiki alimpa binti yake, Bibi Aisha, tende wasaki 20 za shamba lake la Ghaba, naye hakuzivuna. Mauti yalipomkaribia alimwambia ya kuwa lau angalizivuna na kuzitwaa zingalikuwa zake, lakini sasa ni mali ya warithi, nao ni ndugu zake wawili wanaume na dada zake wawili. Bibi Aisha hakumjua dada ila Asma, akauliza wa pili ni nani. Akajibiwa kuwa ni yule aliye tumboni mwa binti Kharija, mkewe Abubakari, kwani alimdhania kuwa ni mtoto wa kike. Akazaliwa wa kike kweli, akaitwa Ummu Kulthum, na fungu lake alilikuta limewekwa.