Sitara na Kutu

Mshipi wa kuvulia samaki hukata gundi vizuri kuliko kisu. Hilo nilifundishwa na fundi mmoja wa Mombasa, siku tulipoanza kuivua Celica ya marehemu baba sketi zake za pembeni. Kwanza tulifungua skrubu zilizojificha ndani ya matao ya magurudumu. Kisha tukaipasha plastiki joto kwa mashine ya dada yangu ya kukaushia nywele, ndipo tukaupitisha mshipi kati ya plastiki na bati. Yeye alishika ncha hii, mimi ile, tukivuta kwa zamu kama wapasua mbao.

Gari ni la mwaka 1994. Mwaka huo Mkenya Ian Duncan alishinda Safari Rally kwa Celica, na baba, ambaye hakuwahi kushindana na mtu barabarani, hakuisahau siku ile. Alipopata lake, likiwa na sketi zile za kiwandani, alijivunia neno moja: "Halijaguswa." Mimi nilitaka kuzitoa tuzipige rangi upya, kisha tuliuze. Dada alikuwa anadaiwa karo ya muhula, na mnunuzi alishapatikana.

Sketi ilipoachia, tope kavu lilimwagika. Nyuma yake kulikuwa na rangi nyekundu iliyokaa miaka bila kuona jua, na chini ya rangi hiyo, kutu ya chumvi ya bahari. Nilipogusa kwa bisibisi, ilizama. Kulikuwa na kiraka cha bati, puti, na gazeti lililosokotwa likasindikwa ndani ya tundu. Gari liliguswa.

Fundi aliangalia, akafuta mikono. "Funika kombe, mwanangu, mwanaharamu apite. Sketi ikirudi, nani ataona?"

Simlaumu. Sisi watu wa pwani tumelelewa kwa sitara. Jirani akikosa chakula, sufuria hubandikwa jikoni hata kama ndani ni maji matupu, na sisi tunaouona moshi hatuulizi. Aibu ya mtu hufunikwa, na anayeifunua ndiye mwenye kosa. Kwa muda nilijiambia kwamba kurudisha sketi ni kumsitiri baba. Labda alijua. Labda hakuwa na pesa za kuchomelea ipasavyo, akalipa alichoweza, na neno "halijaguswa" likawa kanzu yake ya Ijumaa.

Lakini gari kama hili halina chesisi ya peke yake kama lori. Bodi yenyewe ndiyo mifupa, na kizingiti kile chini ya mlango hubeba uzito na kumkinga aliyeketi gari linapogongwa ubavuni. Hapo ndipo nilipoachana na fundi. Jirani anayechemsha maji anaibeba njaa yake mwenyewe. Moshi wake haumdhuru mtu. Kutu hii ingebebwa na mtu mwingine, pengine na mtoto wake kiti cha nyuma, bila kuulizwa. Pazia ni lile lile, ila anayelipia kilichoko nyuma yake amebadilika.

Wala siamini kwamba gari lililovuliwa ni la kweli zaidi. Matundu ya klipu yalitobolewa kiwandani, na sketi ni sehemu ya gari lile kama milango yake. Haikuwa uongo. Ilikuwa sketi tu, mpaka nilipotaka kuitumia.

Nilimpigia mnunuzi aje kabla hatujaziba chochote. Alichuchumaa, akapitisha kidole kwenye kutu, akakata shilingi 90,000 kwenye bei. Karo haikutimia, na dada alinijibu kwa mkato wiki nzima.

Kabla ya kuondoka, mnunuzi aliuliza kama baba alijua. Nilisema sijui. Ilikuwa kweli, na sikuongeza neno.