Kalamu Mbele ya Fomu ya Chuo

Hebu tumchukulie kijana wa Kiislamu aliyeko Marekani anayeomba nafasi ya kusomea shahada ya tiba ya upumuaji. Amekwishamaliza masomo ya awali yanayotakiwa: anatomia, fiziolojia, kemia, maikrobaiolojia, hisabati. Alama zake ni nzuri na barua za wadhamini zipo. Imebaki sehemu moja tu ya fomu, nayo inamtaka aandike ukurasa mmoja au miwili aeleze kwa nini anaitaka kazi hii na ni huduma gani amewahi kuwafanyia watu.

Hapo kalamu inasimama. Kwa miaka miwili kijana huyu amekuwa akimhudumia jirani yake, mzee mwenye maradhi ya mapafu, akimbadilishia mtungi wa oksijeni na kumpeleka kliniki. Alifanya hivyo kwa ajili ya Mwenyezi Mungu na hakumwambia mtu. Akiliandika leo ili apate nafasi ya chuo, je, hajaiuza amali yake? Na la pili ni zito zaidi. Moyoni mwake anajua kwamba kilichomvuta mwanzo ni mshahara. Sasa akiandika kwamba anasukumwa na mapenzi ya kuwasaidia wagonjwa, si atakuwa ameanza kazi ya amana kwa uongo?

Wapo watakaosema huku ni kujitia wasiwasi bure, ajaze fomu aende zake, kila mtu anajisifu. Mimi naona kijana huyu ameuliza swali la maana kuliko wengi wetu tunaojaza fomu tukiwa tumefumba macho.

Kwanza tuijue kazi yenyewe, maana wengi wetu tukisikia hospitali tunawajua daktari na muuguzi tu. Huyu ni mtu ambaye kazi yake yote ni pumzi. Ndiye anayetega na kuangalia mashine ya kupumulia katika chumba cha wagonjwa mahututi, anayechukua damu ya mshipa wa ateri kupima oksijeni na kaboni dayoksaidi, anayenyonya makohozi katika mrija wa mgonjwa asiyeweza kukohoa, anayesimama kwenye chumba cha kujifungulia pale mtoto njiti anapozaliwa mapafu yakiwa hayajakomaa. Marekani fani hii ilipata chama chake huko Chicago mwaka 1947, na leo karibu majimbo yote yanamtaka mwenye kuifanya awe na leseni. Akimaliza chuo anafanya mtihani wa kitaifa, na akitaka cheti cha juu anaongeza mtihani wa pili ambao unamweka mbele ya wagonjwa wa kubuni, aamue afanye nini na mgonjwa anabadilika kila anapoamua.

Sasa turudi kwenye fomu. Mtu akidhani kwamba kusema sifa zake mbele za watu ni riyaa kwa kila hali, basi na aifikirie Sura Yusuf, aya ya 55. Nabii Yusuf (AS) alimwomba mfalme wa Misri amkabidhi hazina za nchi, na akaeleza kwa nini anafaa. Hilo ni ombi la kazi, na ndani yake mna maelezo ya mwombaji juu ya nafsi yake. Lakini tazama alichokisema na alichokiacha. Alitaja mambo mawili tu ambayo kazi ile iliyahitaji: kuhifadhi na kujua. Hakumsimulia mfalme subira yake gerezani. Hakutaja jinsi alivyomkimbia mke wa bwana wake kwa kumwogopa Mola wake, ingawa hakuna amali kubwa kama ile na ingemtoa machozi mtu yeyote. Yaliyokuwa baina yake na Mola wake aliyabakisha huko huko.

Naona hapa pana kipimo kizuri kwa kijana wetu. Aandike kwamba anajua kubadilisha mtungi, kwamba amemwona mgonjwa wa mapafu akihangaika usiku na hakukimbia, kwamba anajua mzee wa namna ile hawezi kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi na kwa hiyo amezoea kumsubiri. Hizo ni habari ambazo chuo kina haki ya kuzijua, kwa sababu zinahusu kazi. Kwamba alifanya fi sabilillahi, kwamba aliacha futari yake siku fulani akaenda, hayo chuo hakijayauliza na hakina mizani ya kuyapima. Kutaja jambo ambalo muulizaji analihitaji ni ushahidi, na ushahidi haufichwi. Riyaa inaingia pale mtu anapoongeza ili apendwe.

Atatokea mtu wa elimu anikumbushe kwamba Mtume (SAW) alimkataza Abdurrahman bin Samura asiombe uongozi. Ni kweli, na wanazuoni wamelijadili sana hilo pamoja na kisa cha Nabii Yusuf. Lakini nafasi ya chuo si uongozi. Ni nafasi ya kujifunza, na kutafuta elimu tumeamrishwa.

Tuje kwenye mshahara. Kuna dhana imeenea kwetu kwamba nia ikiwa na kitu kingine ndani yake basi imeoza yote. Mtu akisema ameipenda kazi kwa kuwa ina riziki ya uhakika, tunamwona mroho. Dhana hii haina msingi. Waislamu wa mwanzo waliona uzito kufanya biashara wakati wa Hija, wakachelea kuichafua ibada yao, na Qur’an ikawaondolea uzito huo katika Sura al-Baqara, aya ya 198. Ikiwa mtu anaweza kwenda Makka na bidhaa zake na Hija yake ikabaki Hija, vipi kijana ashindwe kwenda wodini na mahitaji ya wazazi wake kichwani? Kulisha wazazi nako ni ibada. Kwa hiyo haoni haya kuandika kwamba anataka kazi itakayomwezesha kuitunza familia yake. Wala asidhani wenye kusoma fomu watamdharau. Watu hao wamesoma mamia ya kurasa zinazosema “napenda kusaidia watu”, na nadhani wamekwishachoka.

Linalokatazwa ni kusema jambo ambalo si kweli. Na hapa lazima niwe mkali kidogo. Siku hizi mtu anaweza kuiagiza programu ya akili bandia imwandikie maelezo yake kwa dakika moja, yakatoka na babu aliyekufa kwa pumu na machozi ya kitandani, na babu mwenyewe alikufa kwa uzee akiwa shambani. Kabla ya programu hizo walikuwepo, na bado wapo, wanaoandika kwa malipo. Vijana wanasema ni karatasi tu.

Sikubaliani, na sababu yangu inatoka ndani ya kazi yenyewe. Mtaalamu huyu akishaajiriwa, kila baada ya saa kadhaa anatakiwa apite kwenye mashine, asome vipimo, amsikilize mgonjwa kifua, kisha aandike alichokikuta. Daktari atabadilisha tiba kwa kutegemea maandishi yale. Mgonjwa amelala usingizi wa dawa na mrija kooni, hawezi kusema kwamba hakuna aliyepita. Usiku ni mrefu, wagonjwa ni wengi, na ni rahisi sana kunakili namba za saa nne zilizopita. Ni nani atakayemzuia? Kamera haitamzuia. Kitakachomzuia ni mazoea ya kuandika kilichopo. Ile karatasi ya maombi ndiyo rekodi ya kwanza anayoiandika katika fani hii. Aliyeona sawa kubuni marehemu ili apate nafasi, ataona tabu gani kubuni namba ili apate usingizi?

Tena kuna haki ya mtu wa tatu, ambayo tunaisahau. Vyuo hivi vina nafasi chache kwa sababu kila mwanafunzi lazima apate mafunzo ya vitendo hospitalini chini ya msimamizi. Anayeingia kwa hadithi ya kubuni amemtoa mwingine ambaye hatomjua jina. Dhulma ya namna hii ni ngumu kuitubia, maana aliyedhulumiwa utamtafuta wapi umwombe radhi?

Ama wapo wanaokwenda upande wa pili, wakasema heri kijana aachane na kazi yenye mitihani mingi hivyo ya dhamiri, akatafute duka. Hao nawakumbusha Kopenhagen, mji mkuu wa Denmark, mwaka 1952. Mji ule ulivamiwa na polio iliyopoozesha misuli ya kupumua. Hospitali ya Blegdam ilikuwa na pafu la chuma moja tu na vifaa vingine sita vya kusaidia kupumua vilivyokuwa dhaifu, na katika wagonjwa 31 wa mwanzo waliowekwa humo, 27 walikufa. Mwezi Agosti daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, alionesha kwa mtoto wa kike wa miaka 12 aliyekuwa anakata roho kwamba ukimtoboa mgonjwa kooni na kumwingizia mrija, unaweza kumpulizia hewa kwa kubinya mfuko wa mpira kwa mkono. Mtoto yule akapona kufa. Lakini mashine za kubinya hazikuwepo. Wakaitwa wanafunzi. Wanafunzi kiasi cha 1,500 walipokezana, wakakaa kando ya vitanda wakibinya mifuko kwa mikono, mchana na usiku, wiki hadi wiki na mwezi hadi mwezi. Vifo vikapungua kwa kiwango ambacho hakuna aliyekitarajia.

Nalitaja tukio hili kwa sababu moja. Mwanafunzi aliyeshika mfuko ule hakuwa na nafasi ya kuchunguza kama nia yake imetakasika asilimia mia. Angeuachia ili akatakase nia, mgonjwa angekufa. Kuna watu wanaoufanya ucha Mungu kuwa sababu ya kukaa pembeni, na nadhani ule si ucha Mungu. Imamu Ghazali katika Ihya alilalamika kwamba miji ya zama zake ilikuwa na wafiqhi waliosongamana ilhali mganga Mwislamu haonekani, na utabibu ni fardhi ya kutosheleza. Amefariki mwaka 1111 na malalamiko bado mabichi. Sisi hodari sana wa kumtaja Ibn Nafis mimbarini, kwamba mwaka 1242 aliandika jinsi damu inavyopita mapafuni, karne kadhaa kabla ya Wazungu. Ni kweli aliandika, na tuna haki ya kumtaja. Ila Ibn Nafis hawezi kumnyonya mtu makohozi leo usiku.

Niguse jambo dogo ambalo najua wavulana watauliza: ndevu. Barakoa inayobana uso, ile ya kumkinga mhudumu na kifua kikuu, haishiki vizuri penye ndevu, na sheria ya usalama kazini ya Marekani hairuhusu nywele pale inapogusa ngozi. Lipo badala lake, kofia yenye pampu inayosukuma hewa safi usoni, na hospitali nyingi wanayo. Mwombaji aulize mapema kwa adabu, kabla ya siku ya kupimwa barakoa.

Lililo kubwa nimeliacha mwisho kwa makusudi. Mkono unaoiwasha mashine ndio mara nyingi unaotumwa kuizima. Familia imekaa, daktari ameamua, na anayeutoa mrija kooni ni mtaalamu wa upumuaji. Kijana anayeomba nafasi hii lazima awe amelifikiria hili kabla ya kutia saini, wala asingoje kulifikiria akiwa kitandani pa mtu. Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililo chini ya OIC lilikutana Amman Oktoba 1986, likaamua katika azimio namba 17 kwamba pale kazi zote za ubongo zinapokoma moja kwa moja na madaktari mabingwa wakathibitisha kwamba hazirudi, inajuzu kuondoa vifaa hata kama moyo bado unapiga kwa msaada wa vifaa hivyo. Hapo njia iko wazi. Lakini hospitali za Marekani huondoa mashine pia kwa mgonjwa ambaye ubongo haujafa, ila tiba imeonekana haina faida tena na yeye mwenyewe au jamaa zake wameridhia. Katika hali hiyo wanazuoni wa leo wana kauli zaidi ya moja, na kijana akamwulize mwenye elimu anayemwamini, aulize akiwa na maelezo sahihi ya kitabibu, maana jibu la shekhe ni zuri kwa kadiri ya swali aliloulizwa.

Na katika usaili mara nyingine huulizwa hivi hivi: utafanya nini ukiagizwa jambo ambalo dhamiri yako inalikataa? Ajibu kweli. Hospitali nyingi zina utaratibu wa mfanyakazi kuomba apangiwe kazi nyingine, mradi aseme mapema na mgonjwa asiachwe bila mtu. Aseme atautumia utaratibu huo ikiwa ndivyo atakavyofanya. Na kama bado hajui, aseme kwamba hajui na kwamba anaendelea kuuliza. Huenda kwa jibu hilo akapewa nafasi, huenda akakosa, na fomu za mwaka ujao zitafunguliwa tena kama kawaida.