Ajuaye Thamani, Je, Anyamaze?

Wapo watakaoshangaa kusikia kuwa mwalimu wa madrasa anakusanya matrekta makuukuu. Marehemu baba alikuwa dereva wa Massey Ferguson 135 katika shamba la mkonge huko Tanga, na mlio wa injini ile haujanitoka masikioni. Leo naishi Ohio, Marekani, nikisomesha watoto wa Waswahili dini yao, na bandani ninalo Farmall F-20, aina iliyoundwa kati ya 1932 na 1939.

Spea za trekta kama hilo huzipati dukani. Hutafutwa kwenye magulio ya wakusanyaji, na mojawapo kubwa hufanyika kila Agosti mjini Portland, jimbo la Indiana. Watu hutandaza vyuma chini. Huyu anauza, yule anabadilisha kabureta kwa redieta. Ajuaye ndiye apataye.

Hapo nilipata mtihani. Mama mmoja mtu mzima alikuwa akiuza vitu vya marehemu mumewe. Ndani ya sanduku niliona magneto ya F-20, kile kifaa kinachotoa cheche za kuwashia injini bila betri. Nikaizungusha kwa mkono, cheche ikaruka. Akataka dola 15. Meza ya tatu kutoka pale, kama hiyo hiyo ilikuwa dola 200. Nikalipa, nikaondoka.

Nafsi ikanipa hoja: hukusema uongo, hukumlazimisha, bei kaitaja mwenyewe. Kisheria hoja hizo zina nguvu. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii hawabatilishi mauzo kwa sababu tu bei ilikuwa ndogo. Lakini Mtume (s.a.w.) alikataza kuwapokea wenye misafara nje ya mji kabla hawajajua bei za sokoni. Mama yule alikuwa sokoni kwa miguu yake; kwa ujuzi, alikuwa bado njiani.

Nikamkumbuka Jarir bin Abdullah (r.a.). Amepokea at-Tabarani kuwa alinunuliwa farasi kwa dirham 300. Jarir akamwendea mwenye farasi, akampandishia bei mwenyewe hadi 800, kwa kuwa alimwahidi Mtume kumtakia kheri kila Mwislamu.

Shetani naye hakukosa la kusema: "Ahadi ile ni kwa Mwislamu, na mama huyu si Mwislamu." Hoja hiyo ndiyo iliyonirudisha. Nilipoanza kuitafuta dini ili inipe ruhusa ya kumpunja mjane, nilijua kuwa sitafuti tena hukumu, natafuta pa kujificha. Tumeamrishwa uadilifu hata kwa tunaowachukia, seuze mjane aliyeniamini?

Nikarudi, nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia nimpe 100, kwani mumewe angefurahi iende kwa atakayeiwasha.

Sisemi kwamba kila ujuzi ni deni. Aliyehangaika kutafuta soko ana haki ya faida. Lakini huenda wewe, usiyejali matrekta, unanunua kiwanja kwa mzee wa kijijini asiyejua kuwa barabara inakuja. Jiulize: angelijua unachokijua, angekuuzia kwa bei hiyo? Na kama unaogopa ajue, basi moyo wako umeshakujibu kabla ya mufti.

Wallahu a'lam.