Ukishalitoa Kovu, Unatakiwa Bado Kusema?



Leo tujadili swali ambalo kwa nje linaonekana dogo. Ukiharibu kidogo kitu cha mtu, kisha ukakirekebisha kikarudi kama kilivyokuwa, unatakiwa bado kumwambia? Fundi cherehani aliyeunguza gauni la mteja kwa pasi analijua swali hili. Fundi simu analijua. Lakini aliyeniletea mimi ni kijana mwenzetu anayeishi Marekani, na anafanya kazi mahali ambapo wengi wetu hatujawahi kupaona: karakana ya kutengeneza bunduki za kuwindia kwa oda.

Niwaeleze kidogo ili twende pamoja. Bunduki ya namna hii huikuti imetundikwa dukani. Mteja anapimwa kama anayeshonewa suti, ili kitako kikae sawasawa begani kwake. Anachagua mwenyewe mbao, mara nyingi ya mti wa jozi, ngumu, ya kahawia, yenye mistari kama mawimbi. Fundi anaichonga, anaipiga msasa, anaipaka mafuta tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka lazima likauke kwanza. Mtutu unatiwa rangi nyeusi yenye ubuluu, ambayo kwa kweli ni aina ya kutu iliyotengenezwa makusudi, inayosaidia kuzuia ile kutu nyekundu inayokula chuma. Kazi nzima inaweza kuchukua miezi, na bei ni maelfu ya dola.

Sasa, siku chache kabla mteja hajaja kuchukua mali yake, kijana wetu akaangusha bisibisi juu ya kitako. Pakabonyea, padogo kama punje ya mahindi. Akaniandikia: "Frateri, najua jinsi ya kupatoa. Hakuna atakayegundua. Mwenzangu kazini anasema ninyamaze, eti ni muonekano tu. Nikisema naweza kupoteza kazi. Nifanyeje?"

Tuanze na hilo neno "tu". Tuliosoma falsafa tulifundishwa na Aristotle kutenganisha mambo mawili: kile kitu chenyewe kilivyo katika dhati yake, na sifa zinazoweza kuja na kuondoka bila kitu kubadilika kuwa kingine. Bunduki iliyobonyea kitako bado ni bunduki, na inalenga vilevile. Kwa hiyo yule mwenzake ana nusu ya ukweli. Lakini jiulize mteja alilipia nini. Kama alitaka ya kufyatua tu, angenunua ya kiwandani kwa bei ndogo zaidi. Yeye alilipia pia mbao ile aliyoichagua na uso wake laini. Kilicho sifa ya nje kwa bunduki ni sehemu ya moyo wa makubaliano. Kwa hiyo "muonekano tu" haifai hapa, kama isivyofaa kwa gauni la harusi.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika Summa Theologiae, anauliza kama muuzaji analazimika kutaja kasoro ya anachouza. Jibu lake lina busara ya sokoni. Kasoro ikiwa imejificha, na inaweza kumletea mnunuzi hasara au hatari, muuzaji lazima aseme. Ikiwa iko wazi, kama farasi mwenye jicho moja, na bei imepunguzwa kwa haki, halazimiki kuitangaza. Angalia basi: kovu la kijana wetu lilipokuwa linaonekana, lilikuwa linajisemea lenyewe. Akishaliondoa, ni yeye peke yake anayebaki kuwa shahidi.

Hapa nikalazimika kujifunza jambo kutoka kwa mafundi. Kuna njia mbili za kurekebisha mbao. Ya kwanza: unaweka kitambaa kibichi pale palipobonyea, unagusisha pasi ya moto. Mvuke unaingia, nyuzi za mbao zilizokandamizwa zinavimba na kunyanyuka. Hukuongeza kitu, mbao ile ile imerudi mahali pake. Lakini kama nyuzi zimekatika, mvuke hausaidii kitu. Ndipo watu wengine wanashika njia ya pili: wanajaza puti au nta yenye rangi ya mbao, wanasugua, inang'aa. Mwaka mmoja baadaye nta inaweza kutoka. Njia ya kwanza inaponya. Ya pili inafunika.

Kwa njia ya pili sioni mjadala. Ukifunika bila kusema, umeuza kisichokuwepo. Ni udanganyifu, hata kama mkono wako ni hodari kiasi gani.

Kwa njia ya kwanza, pingamizi lina nguvu, na sitaki kulipita haraka. Mtu anaweza kusema: mbao imerudi kweli, mteja hajapungukiwa na chochote, haki imetimia. Ukimwambia utamwachia donda la moyo tu, kila akiishika bunduki atapatafuta pale mahali. Ukweli usiomsaidia mtu, kwa nini tumtupie?

Nakubali kwamba si kila ukweli lazima usemwe kwa kila mtu. Hata hivyo naona mambo mawili. Kwanza, nani ameamua kwamba mbao imepona? Ni yule yule aliyeangusha bisibisi, anayeogopa kufukuzwa, ambaye moyo wake unatamani kovu liwe dogo. Hakuna hakimu mbaya kama wewe katika kesi yako mwenyewe. Kitako kinapokea kishindo kila risasi inapotoka. Pakiwa na ufa mwembamba kwenye shingo yake, hilo si suala la urembo tena. Anahitajika jicho la mtu asiye na hofu. Pili, bunduki ile inatoka kwa jina la bosi. Yeye ndiye atakayemtazama mteja usoni, na hawezi kuwa mkweli kwa jambo asilolijua.

Kwa hiyo nilimjibu hivi: mwambie bosi kabla ya kuwasha pasi. Akague, kisha rekebisheni, na yeye aamue namna ya kuzungumza na mteja. Na mteja akiuliza kama kuna lililotokea, msidanganye. Sikumwahidi kwamba hatafukuzwa. Mimi nalala seminarini na sahani ya ugali iko mezani. Yeye ana kodi ya nyumba. Najua ni rahisi kwangu kusema. Lakini wahenga walishaonya: mficha maradhi kifo humuumbua. Kazi inayolindwa kwa siri ya leo itahitaji siri nyingine kesho.

Na hapa, wapendwa, imani yetu ina neno. Mtaguso wa Trento, mwaka 1546, ulifundisha kwamba Ubatizo unaondoa dhambi kweli. Haikwanguliwi juu juu wala kuachwa tu bila kuhesabiwa. Mungu wetu hatumii nta. Hatufuniki ili tung'ae mbele ya watu. Anatunyanyua kutoka ndani, kwa maji na kwa moto wa Roho wake. Na tunapoanguka baada ya Ubatizo, ametuwekea Kitubio, ambapo tunaombwa kuonyesha pale palipobonyea. Kusema si adhabu inayofuata uponyaji. Ni mlango wake.

Wiki hii jiulize: ni kitu gani cha mwenzangu nimekigusa nikakiharibu, iwe mali, jina au imani yake kwangu? Nimekiponya, au nimepaka nta? Na nani anastahili kukiona kabla sijaanza kukirekebisha?

Tusali: Ee Yesu, uliyefanya kazi kwa mikono katika karakana ya Yosefu, utupe mikono yenye uangalifu na midomo isiyoogopa kusema kweli. Wanaoogopa kupoteza mkate kwa sababu ya ukweli, uwe karibu nao. Amina.