Unapoachishwa Kazi



Miongoni mwa misiba iwapatayo watu upo mmoja usiowekewa matanga. Mtu akifiwa, jirani huja kumpa mkono. Lakini akipewa barua ya kuachishwa kazi huikunja, akaitia mfukoni, akarudi nyumbani peke yake. Wengine huificha hata kwa wake zao. Asubuhi huvaa nguo za kazini, wakatoka, wakashinda penye kivuli hata jioni, ili mtu asijue. Hivyo moyo hupata jeraha mara mbili: kwa kupotewa na kazi, na kwa kuficha.

Jambo hili si geni kwetu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, wafanyakazi wengi wa reli, bandari, posta na ndege za Jumuiya walijikuta hawana mwajiri, na baadhi yao walidai malipo yao kwa miaka mingi. Tena mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipozuia safari, mahoteli ya Unguja na Mombasa yalibaki matupu, na watumishi wengi wakarudi makwao. Je, hao wote walikuwa wavivu, au wamelaaniwa? Hasha! Basi nawe usiipime thamani yako kwa barua ya mwajiri. Na hata kama ulikosa, kosa hutubiwa.

Pengine utauliza: Je, muumini aruhusiwa kuhuzunika? Kurani Tukufu, katika Sura Yusuf, yatueleza kuwa Nabii Yakubu a.s. alimhuzunikia mwanawe hata macho yake yakawa meupe. Alimshitakia Mola wake majonzi yake, kisha akawatuma wanawe wakatafute, akiwakataza kukata tamaa. Machozi, basi, hayavunji imani. Lakini mwenye kulia hana budi kutafuta.

Mtazame pia Nabii Musa a.s., ambaye habari zake wazijua hata ndugu zetu Wakristo. Alilelewa katika nyumba ya Farao, akafika Madiani mkimbizi, hana kitu. Akaona wanawake wawili wakizuia wanyama wao, wakingoja wachungaji waondoke kisimani. Akawanyweshea wanyama bila kudai ujira; ndipo akaenda kivulini, akamwomba Mola wake, akikiri kuwa ni mhitaji wa heri yo yote atakayomteremshia. Yeye naye alikaa kivulini, lakini hakuwa akijificha. Alikaa akiomba, naye amekwisha kumfaa mtu. Kwa sababu ya wema ule alipata mke, makao, na kazi ya miaka minane au kumi.

Mtume Mtukufu s.a.w. katika dua moja aliomba kinga ya wasiwasi, huzuni, kutojiweza, uvivu na mzigo wa deni. Zingatia jinsi mambo haya yanavyofuatana: huzuni ikiachwa humlegeza mtu, ulegevu humzoeza uvivu, na uvivu humwingiza katika deni. Yakupasa kuikata njia hiyo mapema.

Kwanza, waambie wa nyumbani mwako siku ile ile. Pili, usiiache saa yako ya kuamka. Baada ya sala ya alfajiri shika kazi yo yote ya halali, ijapokuwa ni kumsaidia jirani. Nabii Daudi a.s., ingawa alikuwa mfalme, alikula kwa kazi ya mikono yake. Tatu, dai haki yako. Kwa sheria ya Tanzania Bara, aliyeachishwa kazi isivyo haki hupeleka shauri lake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi katika muda wa siku 30. Wako wanaozimaliza siku hizo wamejifungia kwa aibu, wakidhani ndiyo subira. Subira si kuacha haki ipotee.

Nawe uliye na kazi, usikiapo mwenzako ameipoteza, nenda kwake kama uendavyo matangani. Usiende kumhoji; nenda kumpa mkono.

Mwajiri ni mfereji tu. Chemchemi ya riziki ni Mwenyezi Mungu. Atujaalie machozi yasiyo na aibu, na mikono isiyochoka kutafuta. Amin.