Kufunga Meno Vyuma: Je, Ni Kugeuza Umbile?

Baba mmoja atuuliza: binti yake meno yamepandana, hata kutafuna kwamtaabisha. Tabibu ataka kuyafunga vyuma. Majirani wamwambia huko ni kugeuza umbile la Mwenyezi Mungu. Afanyeje?

Jawabu: Hadithi ya Ibn Mas'ud yawalaani wanaotia meno mwanya kwa kutaka uzuri. Sababu imetajwa humo humo: uzuri. Lakini Arfaja, aliyepotewa na pua vitani, Mtume (s.a.w.) alimwamuru aweke pua ya dhahabu. Basi kuondoa madhara si kugeuza umbile, bali ni kulitengeneza.

Vyuma hivi havichongi jino. Hugandishwa juu yake, na waya hulisukuma polepole. Mfupa wa taya hupungua upande mmoja, hujijenga upande wa pili. Huuma siku chache za mwanzo, na kazi huchukua kama miaka 2.

Mwenye meno mazima atakaye vyuma kwa fahari, na aichunguze nia yake. Wala asiye na elimu asiharimishe kwa kukisia. Maana yeye husema neno akaenda zake, na mtoto ndiye aumiaye kila mlo.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi.