Vidole Ni Vyangu, Je, Kasi Ni Yangu?



Leo tujadili swali nililoulizwa na rafiki yangu mpiga gitaa. Jumapili anapiga kwenye kwaya, siku nyingine anatafuta riziki kwa muziki wake mwenyewe, bila bendi wala meneja. Anajirekodi kwa simu akipiga solo kwa mapigo 75 kwa dakika. Halafu anaiingiza video kwenye programu, anaipandisha hadi 115, na programu inahakikisha sauti haiwi nyembamba. Anaiposti. Watu wanashangaa: jamani, vidole hivyo! Akaniuliza, "Frateri, hapo kuna dhambi gani? Si vidole ni vyangu, na noti zote nimepiga mwenyewe?"

Wengi wangemjibu haraka: ni uongo, acha. Mimi sikuweza kujibu haraka hivyo, kwa sababu muziki uliorekodiwa umejaa mambo ya namna hii na hatuyaiti uongo. Mwaka 1948 Mmarekani Les Paul alitoa "Lover". Magitaa yote yanayosikika humo alipiga yeye, moja juu ya jingine, na mengine aliyarekodi kwa mwendo wa nusu kisha akayachezesha kwa kasi maradufu. Hakuna mkono wa mtu unaotoa mlio ule. Nani alidanganywa? Kwa maoni yangu, hakuna. Aliuza wimbo, na wimbo ndio waliousikia.

Miaka minne baadaye, huko Katanga, Mwenda Jean Bosco alirekodiwa na Hugh Tracey akipiga "Masanga". Ukiusikia kwa mara ya kwanza unaweza kuapa kwamba ni magitaa mawili: besi inatembea huku sauti ya juu inajibu. Kumbe ni gitaa moja, kidole gumba na kidole cha shahada. (Kama hujawahi kuusikiliza, tafuta leo. Hayo tunayoita "mapya" kwenye simu zetu, wazee walishayafanya.)

Kwa hiyo kuna mtu aliyesaidiwa na mashine, na kuna mtu aliyesaidiwa na mazoezi tu, na wote wawili ni wakweli. Basi tatizo la rafiki yangu haliko kwenye mashine.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anatusaidia hapa. Anasema fundi, kwa ufundi wake, husifiwa kwa ubora wa kazi anayoitoa, si kwa nia aliyokuwa nayo moyoni. Lakini anapozungumzia uongo anahamia kwenye jambo jingine kabisa: kukiri kitu kinyume cha unachokijua. Tena anaongeza kwamba si maneno tu yanayodanganya. Ishara na matendo pia hudanganya. Sasa jiulize, video ile inakiri nini? Wimbo ukiuweka peke yake unasema, "Sikilizeni kazi hii." Kamera ikisogezwa hadi kwenye vidole, chini pameandikwa "live, hakuna editi", na namba ya simu ya kuniajiri, hapo si wimbo tena. Huo ni ushahidi juu ya mtu. Unasema, "Nikija kwenye sherehe yako, hiki ndicho utakachokipata."

Najua mtakachosema: Frateri, wewe unakula seminarini, hujui mtaa. Kiukweli mtaa ni mgumu. Kwa video ndefu, YouTube wanataka wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 kabla hujagawiwa chochote cha matangazo. Spotify, tangu 2024, wimbo usiofikisha mara 1,000 kwa mwaka haulipwi. Wakati huohuo nyuzi zinakatika na nyumbani wanauliza hilo gitaa linaleta nini. Siwezi kumcheka mtu anayetafuta njia ya mkato katika hali hiyo. Lakini mwanamuziki anayejitegemea hana kampuni ya kumdhamini. Anachouza kwanza ni neno lake. Na kuna mpiga gitaa mwingine mtaani, mwenye mapigo 95 ya kweli, ambaye harusi hiyo hakuipata.

Halafu kuna jambo lililonigusa zaidi. Rafiki yangu alikiri kwamba siku hizi hapendi kujisikia akipiga. Amezoea kasi ya video, kwa hiyo mikono yake halisi inamkera. Akifanya mazoezi anakimbilia 110, kidole cha shahada hakijalala sawasawa kwenye kodi ya F, nyuzi mbili zinakwaruza, anapita tu. Aristotle aliliona hili zamani: kwa kupiga kinubi hupatikana wapigaji wazuri, na kwa kupiga hichohicho hupatikana wapigaji wabaya. Mkono hauchagui. Ukiurudia mkwaruzo mara 50, umejifunza mkwaruzo. Ndiyo maana walimu wa gitaa wanasisitiza polepole: anza 60, kila noti isikike safi, kisha ongeza mapigo manne au matano, si zaidi. Inachosha mno. Metronomu haikupigii makofi wala haikuonei huruma, inakuonyesha ulipo tu. Mtu anayejua kutafakari dhamiri kila jioni hatashangaa kwa nini naupenda ukimya wa zoezi hilo.

Basi nilimwambia ninavyoona: programu abaki nayo, hata kasi aongeze akitaka, ila aseme. Aandike "imeongezwa kasi". Video za kutafutia kazi aziache kama zilivyo.

Akanyamaza. Kumbe kuna bwana harusi ameshatuma kianzio cha shilingi laki mbili kwa sababu ya video ileile, na nusu imeshanunua spika. Nikamwambia ampigie simu, amtumie video mpya ya mapigo 80, amwache achague mwenyewe.

Video ameituma juzi. Tiki mbili za bluu zimeonekana, jibu bado. Wakati anasubiri, anasema amefika 84, na F haikwaruzi.